Maji ya mwarobaini, karafuu na chai: yanasaidia nini dhidi ya ukoga wa meno?

Ukitema mate baada ya kupiga mswaki na kuona wekundu wa damu, usikimbilie kuulaumu mswaki. Mara nyingi damu hiyo inatoka kwenye fizi zilizovimba, na kinachozivimbisha ni ukoga: ule utando laini, mweupe au wa njano, unaoganda kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi.

Vijijini kwetu, dawa ya kwanza inayotajwa kwa tatizo hili ni ya mimea. Kuna anayechemsha majani ya mwarobaini na kusukutua asubuhi, anayeloweka karafuu, na anayetumia majani ya mpera. Siku hizi pia kuna chupa zinazouzwa minadani na kwenye mabasi zenye maandishi kwamba ni dawa asilia ya kinywa. Wasikilizaji wanapotuuliza kama maji haya yanafanya kazi, jibu letu fupi ni hili: baadhi yanasaidia kweli, lakini yanasaidia kama kibarua msaidizi, si kama fundi mkuu. Anayeyatumia baada ya kusugua meno anaweza kupata faida. Anayeyatumia badala ya kusugua meno anaweza kuja kupoteza meno huku kinywa chake kikinukia vizuri.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini iko hivyo, mimea ipi imechunguzwa, namna ya kutumia bila kujidhuru, na wakati ambao maji ya kusukutua hayatoshi tena na lazima uende kwa mtaalamu wa meno.

Ukoga ni nini hasa?

Fikiria pipa la maji lililokaa wiki kadhaa bila kuoshwa. Ukipitisha kidole ndani yake unahisi utelezi. Ukimwaga maji ya zamani na kujaza mapya, utelezi unabaki palepale. Hata ukitia dawa ya kusafishia maji, utelezi hauondoki wote. Unaondoka pale unapoingiza mkono na kusugua.

Ukoga wa meno uko hivyohivyo. Muda mfupi baada ya kupiga mswaki, mate huacha juu ya jino utando mwembamba usioonekana kwa macho. Bakteria wanaoishi kinywani hujishika hapo, huzaliana, na kutengeneza kitu kama gundi kinachowaunganisha wao kwa wao na kuwabandika kwenye jino. Usiposugua, utando huo unaendelea kuwa mnene siku hadi siku.

Madhara yake ni ya aina mbili. La kwanza ni jino kutoboka. Bakteria hao wanakula sukari tunayokula sisi: ya chai, soda, biskuti, pipi, hata wanga unaobaki kati ya meno. Wakishakula hutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino. Mate husaidia kurekebisha, lakini mtu anayekunywa chai yenye sukari nyingi au soda kidogokidogo siku nzima hayapi mate nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Dhara la pili ni la fizi. Ukoga ukikaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, mwili hujihami. Fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoa damu zikiguswa. Ukoga ukiachwa zaidi, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe. Huu hautoki kwa mswaki wala kwa maji ya aina yoyote. Lazima mtaalamu aukwangue kwa vifaa vyake.

Jaribio la watu 12

Kwamba ukoga ndio unaovimbisha fizi ilionyeshwa wazi na jaribio moja maarufu. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, walichapisha matokeo ya kazi yao na watu 12 waliokuwa na fizi nzima. Watu hao waliacha kabisa kusafisha meno yao. Kati ya siku 10 na siku 21 wote 12 walikuwa wamepata fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zilirudi katika hali nzuri kwa muda wa kama wiki moja.

Kuna mambo mawili ya kuchukua hapa. Kwanza, ugonjwa wa fizi hauchagui. Yeyote anayeacha ukoga ukae, fizi zake zitavimba. Pili, na hili ni la kutia moyo, katika hatua ya mwanzo fizi hupona zenyewe mara ukoga unapoondolewa.

Lakini hatua ya mwanzo haidumu milele. Kwa baadhi ya watu, uvimbe ukiachwa miezi na miaka, ugonjwa hushuka chini ya ufizi na kula mfupa unaoshikilia jino. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Jino huanza kulegea na mwishowe hutoka. Wavuta sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa wako katika hatari zaidi. Na tatizo kubwa ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mtu anakula, analala, anafanya kazi shambani, huku meno yanapoteza mizizi ya kusimamia. Ndiyo maana tunasisitiza: damu kidogo kwenye mswaki ni habari unayopewa mapema, wakati bado unaweza kufanya kitu.

Kwa nini kusukutua peke yake hakutoshi

Rudi kwenye lile pipa. Dawa unayoimimina ndani inakutana na bakteria walio juu ya utelezi. Walio chini, waliojificha ndani ya gundi, haiwafikii vizuri. Maji ya kusukutua yana shida hiyohiyo, iwe ni ya duka la dawa au ya majani uliyochuma uani. Yanapita juu ya ukoga kwa nusu dakika kisha yanatemwa.

Yakitumika kwenye meno ambayo yameshasuguliwa, hali ni tofauti. Bakteria waliobaki ni wachache na hawajajenga gundi nene. Hapo dawa inaweza kuwapunguza na kuchelewesha ukoga mpya kujijenga. Kwa maneno mengine, mswaki unang'oa, na maji ya kusukutua yanachelewesha kuota tena. Kazi ya kwanza ikiachwa, ya pili haina pa kushika.

Mimea iliyochunguzwa

Kabla ya kutazama mimea, inafaa kujua inalinganishwa na nini. Dawa ya kusukutua inayotumiwa sana na madaktari wa meno duniani ni klorheksidini. Mwaka 2017 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa tafiti 51 kuhusu dawa hiyo na kuona kwamba, ikitumika pamoja na kupiga mswaki kwa wiki kadhaa, inapunguza ukoga kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ina kasoro zake: ikitumika kwa wiki nne au zaidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na hubadilisha ladha ya chakula kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo hutolewa kwa muda maalumu, kwa mfano baada ya matibabu ya fizi, wala si dawa ya kila siku ya mwaka mzima. Kasoro hizi ni moja ya sababu zilizowafanya watafiti wengi kutafuta mbadala kwenye mimea.

*Mwarobaini.* Jina lake lenyewe linabeba imani ya watu kwamba unatibu magonjwa arobaini. Kwa upande wa kinywa, mwarobaini umechunguzwa zaidi nchini India, ambako watu wamekuwa wakitafuna vijiti vyake kwa muda mrefu sana. Katika tafiti kadhaa, watu waliopiga mswaki na kusukutua kwa maji yaliyotengenezwa kutokana na mwarobaini walipungukiwa na ukoga na damu ya fizi, mara nyingine karibu sawa na waliotumia klorheksidini. Lakini nyingi ya tafiti hizo zilihusisha watu wachache kwa wiki chache tu, na maji yaliyotumika yalitengenezwa kwa vipimo vya maabara. Sufuria ya majani yaliyochemshwa nyumbani inaweza kuwa nyepesi zaidi au kali zaidi.

*Karafuu.* Karafuu za Unguja na Pemba zina mafuta yenye kitu kiitwacho yujenoli. Hiki hupunguza maumivu na huua bakteria. Madaktari wa meno wenyewe huchanganya yujenoli na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo bibi anayekwambia uweke karafuu kwenye jino linalouma hakukosea kuhusu ganzi. Ila ganzi si tiba: jino lililotoboka linabaki na tundu lake hata maumivu yakitulia.

*Chai.* Majani ya chai, hasa chai ya kijani, yana kemikali za asili zinazozuia bakteria wasishike vizuri kwenye jino. Tafiti za kusukutua kwa chai ya kijani zimeonyesha kupungua kwa ukoga kwa kiasi fulani. Sharti moja ni kwamba isiwe na sukari hata chembe. Ukitia sukari, unawalisha walewale unaotaka kuwapunguza. Chai nyeusi nzito nayo huacha madoa kwenye meno.

*Mafuta ya mimea yenye harufu.* Baadhi ya dawa za kusukutua za dukani zina mchanganyiko wa thaimoli, mentoli na yukaliptoli, vitu ambavyo asili yake ni mimea yenye harufu kali kama mnanaa na mkaratusi. Katika dawa za kusukutua zenye asili ya mimea, mchanganyiko huu ndio umepimwa kwa muda mrefu zaidi, hadi miezi sita, na umeonekana kupunguza ukoga na uvimbe wa fizi kwa watu wanaopiga mswaki. Hiyo si sababu ya kuchemsha majani ya mkaratusi nyumbani. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa, hata kiasi kidogo, yanaweza kumdhuru mtoto.

*Mti wa mswaki.* Huu tunauweka peke yake kwa sababu unafanya kazi mbili kwa pamoja. Lugha yetu inaliita jina moja mti wenyewe, kijiti chake na hata mswaki wa plastiki wa dukani. Mti huu hustawi sehemu kame za Afrika Mashariki. Ncha yake ikitafunwa hugawanyika kuwa nyuzi, nazo husugua jino huku utomvu wake ukitoa vitu vinavyopambana na bakteria. Tafiti zilizoulinganisha na mswaki wa plastiki zimeona kwamba mtu anayeutumia kwa ustadi anaweza kuondoa ukoga karibu sawasawa. Ustadi ndio wenye kazi: watu wengi husugua meno ya mbele tu na kusahau magego na upande wa ndani. Kata ncha iliyotumika kila siku utafune mpya, sugua taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na usitumie kijiti cha mti usioujua. Miti yenye utomvu mweupe kama mnyaa huunguza kinywa na ni sumu.

Na maji ya chumvi? Hayatokani na mmea, lakini ni rahisi na ni salama kwa mtu mzima. Hutuliza fizi zilizovimba na husaidia kidonda baada ya kung'oa jino, kuanzia siku inayofuata. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inatosha.

Namna ya kutumia

Ukiamua kutumia maji ya mimea, fuata mpangilio huu.

1. Piga mswaki kwanza. Mara mbili kwa siku, na moja ya hizo iwe usiku kabla ya kulala. Chukua kama dakika mbili. Elekeza brashi kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa sababu huko ndiko ukoga unakoanzia. Usiache kusugua kwa kuogopa damu. Sugua kwa upole, na kwa siku chache utaona damu inapungua.

2. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Madini haya huimarisha gamba la jino, na hakuna maji ya majani yanayoweza kuchukua nafasi yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

3. Sukutua wakati mwingine, si papo hapo. Ukisukutua mara tu baada ya kupiga mswaki unaondoa ile floraidi. Wakati mzuri ni mchana, baada ya kula.

4. Andaa kwa usafi. Osha majani au karafuu kwa maji safi. Chemsha maji, yamimine juu ya majani machache ya mwarobaini au punje chache za karafuu, funika hadi yapoe, kisha chuja kwa kitambaa safi. Anza na maji mepesi. Kama yanawasha au kuunguza, ongeza maji au acha kabisa.

5. Sukutua kwa nusu dakika kisha tema. Usimeze.

6. Tengeneza ya siku hiyo tu. Maji ya majani yakilala kwenye chupa bila dawa ya kuyahifadhi huota vimelea. Yaliyobaki jioni yamwage.

Chombo kisiwe cha kushirikiana. Kila mtu awe na kikombe chake, kama ambavyo kila mtu anapaswa kuwa na mswaki wake.

Yanayoweza kukudhuru

Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama kwa kila mtu na kwa kila kiasi.

Watoto wasio na umri wa miaka sita wasipewe maji ya kusukutua ya aina yoyote, kwa sababu wengi hawajui kutema na watameza. Mafuta ya mwarobaini ni hatari zaidi: yamewahi kusababisha degedege na madhara makubwa kwa watoto wachanga waliomezeshwa. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya mwarobaini, na kwa usalama wake achague maji ya chumvi ya kusukutua. Ujauzito wenyewe huzifanya fizi kuvimba na kutoa damu kwa urahisi, kwa hiyo aeleze hali hiyo kliniki.

Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ufizi na ulimi. Usiyapake moja kwa moja kwenye ufizi, na usimpake mtoto.

Limau na ndimu zisitumike kusugua meno. Ni kweli meno huonekana meupe mara moja, lakini ni kwa sababu asidi inakula gamba la nje. Mchanga na mkaa uliotwangwa navyo hukwangua gamba hilo. Gamba la jino likiisha halioti tena, na jino hubaki likipata ganzi kali kila unapokunywa kitu cha baridi au cha moto.

Madoa ya kahawia si ukoga kila mara

Kwa wasikilizaji wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya, kuna jambo la kuzingatia. Maji ya baadhi ya visima na chemchemi za huko yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, huota meno yenye madoa ya kahawia. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande nayo yanaweza kuongeza floraidi mwilini.

Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Hayatoki kwa mwarobaini, wala kwa mkaa, wala kwa mswaki mgumu. Aliye nayo si mchafu, na asidhihakiwe kwa kuambiwa hasafishi meno. Asugue meno kama watu wengine ili kuondoa ukoga, na asijiumize kwa kukwangua rangi. Wazazi wa maeneo hayo wamuulize mtaalamu wa afya kuhusu maji ya kunywa ya mtoto, na wahakikishe mtoto hamezi dawa ya meno. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele kwenye mswaki kinatosha. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere.

Chupa za mnadani

Baadhi ya wauzaji wa dawa asilia wanaifanya kazi yao kwa uaminifu. Wengine wanauza ahadi. Kabla ya kutoa pesa, soma chupa. Je, imeandikwa kilichomo ndani? Ina tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha? Nchini Tanzania, dawa za asili na watoa huduma wake husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo una haki ya kumuuliza muuzaji namba ya usajili.

Ukisikia kwamba dawa moja inaziba matundu ya meno, inakaza meno yaliyolegea na kuyeyusha ukoga uliokuwa mgumu, usinunue. Hakuna maji ya kusukutua, ya kienyeji au ya kizungu, yanayofanya hata moja ya mambo hayo matatu.

Kinywa kinanukia vizuri, lakini je, ni kizima?

Hapa ndipo penye hatari tunayotaka kila msikilizaji aielewe. Karafuu na mnanaa huficha harufu. Karafuu hutuliza maumivu. Harufu na maumivu ndivyo vinavyomfanya mtu aende hospitali. Vikitulizwa kila siku kwa kusukutua, ugonjwa unaendelea kimyakimya, na mtu anafika kwa mtaalamu wakati jino haliwezi tena kuokolewa. Kwa anayeishi mbali, ambako zahanati haina huduma ya meno na safari ni hadi hospitali ya wilaya, kuchelewa huko mara nyingi huishia kwenye kung'oa. Tundu dogo lingeweza kuzibwa, na fizi zingeweza kusafishwa.

Kwa hiyo jipe muda wenye mwisho. Ukisugua vizuri mara mbili kwa siku na kusukutua kwa wiki mbili, na fizi bado zinatoa damu, nenda kwa mtaalamu wa kinywa na meno. Pengine kuna ukoga mgumu ambao huwezi kuuondoa mwenyewe. Kama zahanati ya kijijini haina huduma hiyo, muombe mganga wa zamu akuelekeze pa kwenda na siku ambayo mtaalamu anapatikana, usije ukapoteza nauli bure.

Usisubiri hata hizo wiki mbili ukiona:

- shavu au shingo imevimba, una homa, au unashindwa kufungua mdomo au kumeza;
- jino linauma lenyewe usiku na kukuamsha;
- usaha unatoka kwenye ufizi, au jino la ukubwani limelegea.

Kidonda au doa kinywani ambalo halijapona baada ya wiki mbili linahitaji kuangaliwa, hata kama haliumi, kwa sababu saratani ya kinywa inaweza kuanza hivyo. Na mtoto mdogo aliyedhoofika, hasa aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda kwenye ufizi chenye harufu mbaya, mpeleke siku hiyohiyo. Ugonjwa huo unaweza kula uso wa mtoto ndani ya siku chache, na ukiwahiwa unatibika kwa dawa.

Kwa kifupi

Sugua kwanza, kila usiku bila kukosa, kwa mswaki wa plastiki au wa mti. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Punguza sukari unayokunywa mara kwa mara kati ya mlo na mlo. Baada ya hayo, maji ya chai isiyo na sukari, ya mwarobaini au ya karafuu yana nafasi yake kwa mtu mzima ambaye hana ujauzito: yatemwe, yasimezwe, na yasifanywe sababu ya kuahirisha safari ya kwa mtaalamu.

Na usiku wa leo, kabla hujalala, mtazame na mtoto. Watoto wadogo hawana nguvu wala umakini wa kusugua magego yao wenyewe. Hadi afike kama miaka saba au minane, shika mswaki wewe, mfungue mdomo kwenye mwanga wa simu yako, na utazame pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona utando, usugue. Ukiona damu, usiache, endelea kwa upole kesho na keshokutwa.